MADINI NA WANANCHI (2): Fedha za mgodi zisomwe kijijini

Katika sehemu ya kwanza tulieleza jinsi leseni ya uchimbaji inavyopatikana. Leo tunaingia kwenye jambo linalozua maneno mengi zaidi katika vijiji vinavyopakana na migodi yetu, nalo ni fedha. Nani analipa, nani anapokea, na mkazi wa Nyamongo au Bulyanhulu atayajuaje hayo?

Februari 2007 mkataba wa mgodi wa Buzwagi, wilayani Kahama, ulisainiwa London. Watanzania wengi waliusikia kwa mara ya kwanza Agosti mwaka huo, mbunge Zitto Kabwe alipouibua bungeni, na alichopata ni kusimamishwa kuhudhuria vikao. Hatua hiyo haikulizima suala. Ililisambaza nchi nzima. Novemba Rais Jakaya Kikwete akaunda kamati chini ya Jaji Mark Bomani kupitia upya sekta ya madini, na mwaka 2009 Tanzania ikajiunga na EITI, mpango wa kimataifa wa uwazi katika tasnia ya uziduaji, yaani madini, mafuta na gesi. Hata kama mkataba ule ungekuwa na manufaa matupu, nani angeamini, ilhali ulikuwa umefichwa?

Tangu hapo tumepiga hatua. Sheria ya mwaka 2015 ya uwazi na uwajibikaji katika tasnia hii inataka mikataba iwekwe hadharani na wamiliki halisi wa kampuni watajwe. Ripoti za TEITI, chombo kinachosimamia mpango wa EITI hapa nchini, hulinganisha kiasi ambacho kampuni zinasema zimelipa na kiasi ambacho Serikali inasema imepokea. Ni kazi ninayoiunga mkono kwa moyo wote. Shida ni kwamba ripoti kamili huandikwa kwa Kiingereza cha kihasibu, na hesabu zake ni za taifa. Hazimwambii mama wa kitongojini kwa nini zahanati yake haijaezekwa.

Tuchukue mfano wa hesabu. Mgodi umeuza nje dhahabu ya shilingi bilioni 100. Kwa viwango vilivyowekwa mwaka 2017, mrabaha wa asilimia 6 ni bilioni 6, na ada ya ukaguzi ya asilimia 1 ni bilioni 1. Zote zinakwenda Serikali Kuu. Ushuru wa huduma, ambao wakati huo ulikuwa asilimia 0.3, ni milioni 300, nao unalipwa halmashauri ya wilaya. Ofisi ya kijiji haimo katika mgawo huo. Mwananchi anasikia "mabilioni" redioni, anaona watoto wamekaa sakafuni darasani, anahitimisha kwamba mwenyekiti wa kijiji amekula. Pengine kweli amekula! Lakini huenda fedha hizo hazijawahi kupita mikononi mwake, na anayepaswa kuulizwa ni diwani na mkurugenzi wa halmashauri. Asiyejua njia ya fedha hawezi hata kumlaumu anayestahili lawama.

Hali ni hiyo hiyo kwa miradi ya uwajibikaji kwa jamii. Sheria ya Madini inamtaka mwenye mgodi aandae mpango kila mwaka na kukubaliana na halmashauri. Mara nyingi wanakijiji huujua mradi siku kibao kinapochomekwa kiwanjani.

Dawa haihitaji chombo kipya. Mkutano mkuu wa kijiji upo kisheria, unatakiwa kukaa kila baada ya miezi mitatu, na watu wamezoea kusomewa mapato na matumizi. Hapo hapo, kwa Kiswahili, isomwe karatasi moja ya mgodi: ushuru uliolipwa halmashauri robo hiyo, ulipotumika, miradi iliyokubaliwa, jina la mkandarasi na kiasi cha mkataba wake. Kisha ibandikwe kwenye ubao wa matangazo, ili hata aliyekuwa shambani aisome.

Karatasi hiyo ibebe pia habari za maji, na hapa nasisitiza. Mwaka 2009 maji yenye tindikali yalivuja kutoka mgodi wa North Mara kuelekea mto Tigithe, na hofu juu ya mto ule haikuisha upesi. Kumwambia mfugaji kwamba "maji yamepimwa, ni salama" hakutoshi. Aambiwe sampuli ilichukuliwa wapi na lini, nani aliipima, kimepatikana kiasi gani cha arseniki au sianidi, na kiwango kinachoruhusiwa ni kipi. Bila kiwango hicho, tarakimu peke yake haina maana kwake. Na vijana wa kijiji wawepo chupa zinapojazwa, wazione zikifungwa na kuandikwa majina.

Mkurugenzi akikataa kutoa karatasi hiyo, Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa raia nafasi ya kuiomba kwa maandishi, naye anapaswa kujibiwa ndani ya siku 30. Ombi litaje taarifa inayotakiwa na kipindi chake, kwa mfano ushuru wa huduma wa Julai hadi Septemba, na mwombaji abaki na nakala iliyogongwa muhuri wa mapokezi.

Wiki ijayo: uthamini wa ardhi, fidia, na kwa nini "tegesha", yaani kujenga au kupanda haraka ili kulipwa fidia, hushamiri pale mipaka ya mgodi inapokuwa siri.