Kambare wa tangini si mfagiaji, mpe msosi
Wengi hununua pleko, yule kambare wa kubandika mdomo kwenye kioo, wakidhani atashiba uchafu wa tangi. Wapi! Hakuna pleko anayeshiba kinyesi cha wenzake. Tumbo likibonyea ndani, jua ana njaa.

Msosi hufuata umri. Kifaranga akianguliwa, siku za kwanza anaishi kwa kiini cha yai alichobeba tumboni, kwa hivyo usimtupie kitu. Kikiisha, mlishe kidogo kidogo mara kadhaa kwa siku, protini ikiwemo, ajenge mwili.

Akishakuwa mkubwa, mboga ndiyo ugali wake: tembe za mwani zinazozama, tango, spinachi iliyochemshwa kidogo. Muwekee pia kipande cha gogo akwangue.

Mlishe ukizima taa, hapo ndipo hutoka kusaka. Asubuhi toa mabaki, maji yasioze.