Chipu Inayojua Kulala

Kazi yangu hapa kisiwani Remba, katika Ziwa Victoria, ni kufufua simu, taa za sola za wavuvi wa omena na spika za bluetooth. Mteja akija, lawama zote huziangushia betri. Wachache wanajua kwamba umri wa betri huamuliwa pia na mhandisi aliyesanifu chipu ya redio iliyo ndani ya kifaa.

Chipu hiyo ni kipande cha silikoni kidogo kuliko ukucha wa mtoto. Ile ya bluetooth hutumia mawimbi ya gigahezi 2.4 kuzungumza na kifaa kilicho hatua chache tu. Bluetooth ilianza katika kampuni ya Ericsson, Uswidi, mwaka 1994. Aina yake inayokula umeme kidogo sana ikaja mwaka 2010.

Tupige hesabu. Betri ya kidonge, CR2032, ina takriban miliampia-saa 220. Chipu inayokula miliampia 5 bila kupumzika huimaliza kabla ya siku mbili. Chipu hiyohiyo ikiamka mara moja kila sekunde, ikafanya kazi milisekunde 5, kisha ikalala kwa maikroampia 2, wastani wake ni maikroampia 27 hivi. Kwa hesabu, betri ileile itadumu miezi 11. Chipu ikiamka mara moja kila sekunde 5, betri itapita miaka mitatu.

Usingizi huo una masharti. Lazima kitu kibaki macho kuhesabu muda, na kazi hiyo mara nyingi hufanywa na kristali ya hezi 32,768. Kristali kubwa, ya megahezi nyingi, huamshwa wakati wa mawasiliano tu. Nayo huhitaji muda kidogo itulie, na muda wote huo umeme unaliwa kabla hata neno moja halijatoka. Ndiyo maana wasanifu hupigania kila maikrosekunde.

Vijana ninaowafunza hushangaa zaidi kusikia kwamba kupokea hugharimu karibu sawa na kutuma. Antena ikitoa miliwati 1, chipu yenyewe huenda inakula 15. Nyingi humezwa na saketi za ndani zinazozalisha na kukuza mawimbi. Kupunguza nguvu ya kutuma pekee hakuokoi mengi. Kinachookoa ni kufupisha muda wa kuwa macho.

Kwetu ziwani kuna mtihani mwingine. Maji humeza mawimbi ya gigahezi 2.4, na mwili wa binadamu umejaa maji. Anayetaka kufuatilia injini ya boti isiibwe anaweza kuchagua megahezi 433, zinazovumilia zaidi vizuizi, lakini antena ya robo ya wimbi itarefuka kutoka sentimita 3 hadi 17. Kila uamuzi una bei yake, na anayeijua boti ndiye anayefaa kuamua.

Kenya imeanza safari ya chipu. Nyeri, katika Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, kipo kiwanda cha Semiconductor Technologies Limited. Ili watoto wetu nao wafike huko, walimu wa fizikia wa Homa Bay na Migori, nawaomba: wapeni wanafunzi mita, betri na kifaa kidogo cha redio. Wapime kinakula kiasi gani kikiwa macho na kikiwa kimelala. Mtoto wa kisiwani anajua tayari thamani ya umeme, tumfundishe kusanifu vifaa vinavyouokoa.