Jicho la taa ya sola: wafanyabiashara wa Mweru walijue

MZIGO wa taa za sola unafungwa gunia Kashikishi, unavuka Ziwa Mweru, unafika Kilwa ya Kongo. Mteja anabonyeza, taa haiwaki. Ugomvi unaanza. Kumbe taa ilikuwa inawaka njia nzima, ndani ya gunia.

Sisi tuliorejea makwetu tunaona taa hizi kila kona, na hata dagaa wa Mweru, chisense, huvuliwa usiku kwa mwanga. Zile zinazojiwasha zenyewe si uchawi, zina jicho. Kwa nyingi za bei nafuu jicho ni paneli yenyewe, ya silikoni. Silikoni ni semikondakta: haipitishi umeme kama waya wala kuuzuia kama mpira. Mwanga ukiipiga, elektroni hubanduka, mkondo hupita. Mkondo ukikatika, taa inahesabu ni usiku.

Habari hii ni ya zamani. Mwaka 1873 Mwingereza Willoughby Smith alitangaza kwamba seleni hupitisha umeme zaidi ikimulikwa. Mwaka 1883 Mmarekani Charles Fritts akaipaka utando wa dhahabu, akapata umeme, ingawa haba. (Seleni hutoka zaidi kwenye mashapo ya kusafishia shaba, ile ile tunayoiona kwenye malori.) Pale metali inapogusana na semikondakta panakuwa kama mpaka wetu: elektroni huvuka upande mmoja kirahisi, kurudi ni taabu.

Siku hizi watafiti huweka juu ya semikondakta punje za fedha au dhahabu za makumi ya nanometa. Nanometa 1 ni sehemu ya milioni ya milimita. Kwa udogo huo elektroni za punje hucheza pamoja mwanga wa rangi fulani ukizifikia, na nguvu hiyo huingia kwenye semikondakta. Hivyo oksidi ya zinki, ambayo peke yake huona zaidi urujuanimno, inaweza kuona hata mwanga wa kawaida. Nyingi ya kazi hizo bado ziko maabara. Muuzaji akikuambia taa yake ni ya "nano", usimwongezee bei.

Wewe funika paneli kwa kiganja: iwake. Ondoa: izime. Kabla ya kufunga gunia, zima swichi ya kila taa. Na nyumbani usizielekeze mbili zitazamane. Moja ikiwaka, mwenzake hudhani kumekucha.