Kingamwili Zinazoachia Breki za Kinga

Upasuaji, mionzi na dawa za kemikali huushambulia uvimbe wa saratani wenyewe, ilhali ipilimumabu, dawa iliyoidhinishwa nchini Marekani mwaka 2011 kutibu melanoma, aina hatari ya saratani ya ngozi, haiui seli za uvimbe moja kwa moja bali huiachia kinga ya mgonjwa kazi hiyo.

Kazi yenyewe hufanywa na seli T, chembe nyeupe za damu zenye uwezo wa kutambua na kuua seli zilizoambukizwa au zilizoharibika. Kwa kuwa zikikosa kizuizi zinaweza kugeukia viungo vizima, seli hizo zina vipokezi, yaani protini za kupokea ishara, ambavyo huzipunguza nguvu kama breki zinavyolizuia gari mteremkoni. Kipokezi cha CTLA-4 huzizuia mapema, zinapoamshwa katika tezi za limfu. Kile cha PD-1 huzizuia baadaye, zikiwa tayari kwenye tishu, na hapo ndipo penye hila ya saratani, kwani seli zake nyingi hujivika protini ya PD-L1 inayokibonyeza kipokezi hicho, hata seli T iliyokwisha kuufikia na kuutambua uvimbe ikaishiwa nguvu papo hapo.

Kingamwili ni protini yenye umbo la herufi Y inayonasa kitu kimoja mahususi. Ile iliyotengenezwa kunasa CTLA-4 au PD-1 hukikalia kipokezi, ishara ya kuzuia isipite. Mtafiti James Allison, akiwa Berkeley, California, alilijaribu wazo hilo kwa panya mwishoni mwa mwaka 1994, wakati watafiti wengine walikitazama kipokezi cha CTLA-4 kama njia ya kutuliza kinga inayoushambulia mwili wake. Uvimbe wa panya hao uliyeyuka, lakini dawa yenyewe, ipilimumabu inayoziba CTLA-4, ilisubiri zaidi ya miaka 15, na subira hiyo inastahili heshima sawa na ugunduzi wenyewe. Tasuku Honjo wa Kyoto, aliyekuwa amegundua PD-1 mwaka 1992, alitunukiwa Nobeli pamoja na Allison mwaka 2018.

Si wagonjwa wote wanaopona, na breki ikiachiwa huachiwa mwili mzima: utumbo mpana unaweza kuvimba na kuleta kuhara kukali, mapafu au ini likashambuliwa, tezi ya thairoidi ikadhoofika kabisa.

Shirika la Afya Duniani liliingiza nivolumabu na pembrolizumabu, zinazoziba PD-1, katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2019. Pembrolizumabu hutumika pia kwa saratani ya mlango wa kizazi iliyosambaa, ugonjwa unaoua wanawake wengi Afrika Mashariki, na kwa hiyo bei yake, inayowashinda walio wengi, ni jambo la kupiganiwa. Ila hata ikishuka, hospitali itahitaji maabara ya kupima PD-L1 kwenye kinyama cha uvimbe, vipimo vya homoni na ini kabla ya dripu, na wauguzi wanaojua kwamba mgonjwa wa dawa hii akianza kuhara huenda akahitaji steroidi haraka.