Mbio za magari kwenye matope: timu huchaguaje matairi?

Huku kwetu Gulwe, mvua za masika zikianza kila dereva wa bodaboda anajua: tairi kipara halikufikishi Mpwapwa. Kwenye mbio za magari ni hivyo hivyo, ila timu huchagua tairi saa kadhaa kabla ya kujua kama mvua itanyesha.

Mfano wa karibu ni Safari Rally ya Kenya. Ilianza mwaka 1953, ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1963, na tena 1968, mvua na matope vilikwamisha magari mengi kiasi kwamba kila mara yalimaliza 7 tu. Ilirudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, na sasa kitovu chake ni Naivasha.

Matairi ni ya aina gani?

Zipo aina mbili kubwa: laini na gumu. Tairi laini hushika vizuri kwenye utelezi, lakini kwenye mawe makavu huisha haraka. Gumu huvumilia mawe, lakini kwenye tope huteleza.

Kwa nini uchaguzi ni mgumu?

Uamuzi hufanyika kambini kwa mafundi, kabla gari halijaondoka. Likishaondoka, haliruhusiwi kuletewa tairi njiani. Hubeba matairi ya akiba yasiyozidi mawili, na dereva na msoma ramani wake hupiga jeki wenyewe. Akiba mbili huongeza uzito; akiba moja ni hatari, maana pancha ya pili inaweza kukutoa mashindanoni.

Kwa hiyo timu hutazama mawingu na hesabu. Anayeongoza hucheza salama. Aliye nyuma huthubutu. Wengine huchanganya laini na gumu kwenye gari moja.

Mwaka 2022 Sébastien Ogier alipata pancha siku ya Ijumaa, akapoteza zaidi ya dakika mbili na kumaliza wa nne. Mwenzake wa Toyota, Kalle Rovanperä, alipita salama kwenye mawe na matope, akashinda.

Tairi pekee halitoshi. Mwaka 2021 Ott Tänak alisimama katikati ya mvua kufuta kioo kilichojaa ukungu kwa ndani. Alimaliza wa tatu.

Dereva wa bodaboda naye hana fundi katikati ya mbuga. Kagua tairi na upepo kabla hujapakia abiria, siyo ukishakwama.