Chai ya Nyamache Haikupi Nguvu

Nguvu iliyo ndani ya kikombe cha chai ya maziwa ni ya sukari na maziwa. Majani yenyewe, hata yakiwa yametoka moja kwa moja kwenye kiwanda cha Nyamache kule Kisii, hayamwongezei mtu nguvu yoyote ya maana. Kilichomo ni kafeini, nayo haisukumi kitu. Kazi yake ni kuzuia breki isishike, na breki hiyo iko mahali pasipoonekana kwa macho: kwenye ncha ya seli ya neva, pale inapoamuliwa ujumbe utoke au usitoke.

Kwa kawaida seli za neva hazigusani. Kati ya moja na nyingine kuna mwanya wa nanomita 20 hivi, na umeme unaosafiri ndani ya neva hauwezi kuuruka. Ujumbe huvushwa na kemikali: asetilikolini neva inapokutana na msuli, glutamati katika sehemu kubwa ya ubongo. Kemikali hizo huwa zimehifadhiwa ndani ya vifuko vidogo mno, upana wake nanomita 40 hivi. Bernard Katz, Myahudi aliyeikimbia Ujerumani ya Wanazi akahamia London, alishughulika na msuli wa chura. Mwaka 1952 yeye na Paul Fatt waliripoti kwamba hata neva ikiwa imetulia, msuli huonyesha mishtuko midogo ya umeme inayojitokea yenyewe, ukubwa wake ukikaribiana. Miaka miwili baadaye, akiwa na José del Castillo, alionyesha maana yake: neva hutoa kemikali kwa mafungu mazimamazima, fungu moja, mawili, mia, wala si kwa kumiminika ovyo. Kazi hiyo ilimpa Tuzo ya Nobel mwaka 1970.

Mwenye kutoa amri ya fungu, yaani yaliyomo kwenye kifuko kimoja, kutoka ni kalsiamu. Nje ya seli ni nyingi kuliko ndani kwa takriban mara 10,000. Umeme ukifika kwenye ncha, milango ya kalsiamu hufunguka, nayo huingia kwa kasi na kushikamana na sinaptotagmini, protini iliyo juu ya kifuko. Kifuko ambacho tayari kimefungwa kwenye utando wa seli huungana nao na kumwaga kilichomo. Yote hayo chini ya milisekunde moja. Thomas Südhof, aliyeitambua kazi ya protini hiyo, alishiriki Nobel ya 2013 na James Rothman na Randy Schekman.

Sasa hesabu, na naomba msomaji asiiruke maana ndiyo kiini cha jambo lenyewe. Mwaka 1967 Frederick Dodge na Rami Rahamimoff walipima na kukuta kwamba utoaji wa kemikali hufuata kalsiamu kwa kipeo cha nne hivi. Ukiipunguza kalsiamu nusu, utoaji haupungui nusu; unashuka hadi sehemu moja kati ya 16. Hata ukiipunguza kwa sehemu moja tu ya sita, utoaji unabaki chini kidogo ya nusu. Kwa hiyo anayetaka kuiongoza neva hana haja ya kuifunga milango yote. Kuibana kidogo kunatosha.

Mbanaji mmojawapo ni adenosini. Hii ni mabaki ya ATP, kemikali ambayo seli huitumia kama nishati, na ambayo pia hutoka pamoja na yaliyomo ndani ya vifuko na kuvunjwavunjwa kwenye mwanya. Neva ikifanya kazi sana, adenosini huongezeka nje yake, hukamata vipokezi vilivyo kwenye ncha ileile, na vipokezi hivyo huifanya milango ya kalsiamu isite kufunguka. Mwaka 1972 B. L. Ginsborg na G. D. S. Hirst waliliona hilo kwenye neva ya kiwambo cha panya: adenosini ilipunguza asetilikolini iliyotolewa. Kazi yenyewe ndiyo inayozaa breki yake. Ubongo ulio macho kwa saa nyingi hukusanya adenosini, na huo ni mchango mkubwa katika kile tunachokiita usingizi kumshika mtu.

Kafeini inafanana na adenosini kiasi cha kukaa kwenye vipokezi vilevile, ila ikishakaa haifanyi lolote. Imeziba nafasi tu. Vipo vitabu vinavyoeleza kwamba kafeini hufungua akiba ya kalsiamu iliyo ndani ya seli. Ni kweli, lakini kwa dozi za maabara ambazo mnywaji wa chai angekufa kabla ya kuzifikia.

Mti wa chai hauitengenezi kafeini kwa ajili yetu. Ni sumu dhidi ya wadudu, na huwekwa kwa wingi pale mdudu angependa kuanzia, yaani kwenye sehemu changa. Mchumaji anayevunja majani mawili na chipukizi na kuyarusha kwenye kapu la mgongoni anachukua hasa sehemu hiyo. Karani wa kituo cha kununulia akiyakataa majani yaliyokomaa na kuwa magumu, anatazama ubora wa chai, lakini bila kukusudia anachagua pia yenye kafeini nyingi.

Adenosini iliyozuiwa haijaondoka. Inaendelea kurundikana, na kafeini ikipungua inakuta vipokezi vikiwa wazi, ndiyo maana uchovu humwangukia mtu kwa ghafla. Kwa mtu mzima nusu ya kafeini hutoka mwilini baada ya saa 5 hivi. Strungi, yaani chai isiyo na maziwa, ikiwa nzito na ya saa kumi jioni, bado ina nusu yake damuni saa tatu usiku. Kwa mjamzito aliyekaribia kujifungua, nusu hiyo inaweza kuchukua hadi saa 15, na Shirika la Afya Duniani linamshauri mjamzito anayetumia zaidi ya miligramu 300 kwa siku apunguze. Kikombe cha chai huwa na miligramu 30 hadi 60, kutegemea majani yalivyokolezwa, na jikoni nyingi za Kisii hazibani majani.