Kalamu ya Torino na tarehe iliyofutika Base ya Kamina

BASE YA KAMINA, Haut-Lomami – Kopo la maziwa ya unga liliwekwa katikati ya meza, na baba mdogo akalifungua mwenyewe. Ndani mlikuwa na daftari moja lenye jalada jeusi na kalamu ya wino iliyofungwa kwa kipande cha kitenge. Kalamu ni nyeusi, nene kuliko kidole, na kifuniko chake ni cha chuma cheupe. Juu yake kumeandikwa jina moja, Aurora, na tarakimu mbili: 88.

Kikao chenyewe kiliitishwa kwa sababu ya ada. Mtoto wa baba mdogo anaingia mwaka wa pili chuo kikuu, na bwana mmoja wa Lubumbashi aliyeiona kalamu hiyo kwenye picha ya WhatsApp anataka kuinunua. Mimi niliitwa kwa kuwa ndiye mwandishi wa habari katika ukoo. Kazi yangu ilikuwa kuuliza bei.

Kalamu hiyo ilikuwa ya babu, aliyekuwa karani wa stoo hapa Base. Nyumbani kwetu inasimuliwa kwamba aliipata mwaka 1961 kwa Mwitaliano mmoja wa ONU, kwa kubadilishana na kinyago cha Kiluba.

Waitaliano walifikaje huku?

Wabelgiji walianza kuijenga Base ya Kamina mwishoni mwa miaka ya 1940, wakitaka uwanja mkubwa wa ndege za kijeshi katikati ya Afrika. Uhuru ulipofika Juni 30, 1960 na Katanga ikajitenga siku chache baadaye, Base ikaingia mikononi mwa Umoja wa Mataifa. Ndipo watu wa mataifa mengi wakaijua Kamina.

Italia nayo ilipeleka Kongo ndege za mizigo aina ya C-119 kutoka kikosi chake cha Pisa. Zilibeba chakula, dawa na askari. Watu wa kikosi hicho walilipa gharama kubwa: Novemba 11, 1961, wanaanga 13 wa Italia waliuawa Kindu walipokuwa wamepeleka mahitaji kwa askari wa ONU kutoka Malaya. Mpaka leo mjini Pisa lipo jengo la kumbukumbu yao.

Wakati huo Mwitaliano mwenye kalamu nzuri mfukoni hakuwa jambo la ajabu. Kampuni ya Aurora ilianzishwa Torino mwaka 1919, na mwaka 1947 ikatoa modeli ya 88. Aliyeichora ni Marcello Nizzoli, ambaye alichora pia mashine za kuandikia za Olivetti, ikiwemo Lettera 22 ya mwaka 1950. Makarani wengi wa zamani wanaijua mashine hiyo ndogo ya kubebeka, bila kujua kwamba mkono ulioichora ndio uliochora kalamu ya mkubwa wao wa kazi.

Zinazotafutwa na wakusanyaji

Huku kwetu kalamu yoyote ya kuandikia huitwa *bic*, kwa jina la kampuni ya Ufaransa iliyoanza kuuza kalamu yake ya plastiki mwaka 1950. Wino wake ni mzito, hauchafui mfuko, na ukiisha unatupa. Kalamu hiyo ya bei rahisi ndiyo iliyozipeleka kalamu za wino kwenye masanduku ya kumbukumbu.

Italia, hata hivyo, haikuacha kuzitengeneza. Montegrappa ipo Bassano del Grappa tangu mwaka 1912. Visconti ilianzishwa Firenze mwaka 1988, na moja ya kalamu zake mashuhuri, Homo Sapiens, imetengenezwa kwa utomvu uliochanganywa na mawe ya volkeno ya mlima Etna. Mtu wa Goma angeielewa haraka. Omas ya Bologna, iliyoanza mwaka 1925, ilifunga milango mwaka 2016, na tangu hapo wanaozikusanya kalamu zake wanazitafuta kwa udi na uvumba.

Mpya za namna hiyo huuzwa kwa mamia ya euro. Ncha zake huwa za dhahabu ya karati 14 au 18, kwa sababu dhahabu haili kutu hata ikikaa ndani ya wino miaka na miaka. Lakini dhahabu ni laini, kwa hiyo pale inapogusa karatasi hubandikwa chembe ya madini magumu. Ulimi wa chini unaopitisha wino, katika kalamu nyingi za zamani, ni wa eboniti, yaani mpira uliopikwa na salfa hadi ukawa mgumu kama pembe. Mkongo hahitaji kufundishwa historia ya mpira wala ya dhahabu.

Nilipozipitia bei, niliona kwamba 88 ya zamani mara nyingi huuzwa chini ya mpya ya kampuni hiyo hiyo, na isiyovuta wino hushuka zaidi. Yetu haikuwa ikivuta. Fedha ile ingelipa sehemu tu ya ada.

Nilipomwambia baba mdogo, hakushangaa.

«Iende tu, mwanangu,» alisema. «Hiyo kalamu iliwaandika wote, mimi ikanisahau.»

Ukurasa mtupu

Hapo ndipo tulipolifungua daftari. Babu aliandika humo siku ya kuzaliwa ya kila mtoto wake. Ukurasa wa baba yangu, wa mwaka 1958, umeandikwa kwa kalamu ya kuchovya, na unasomeka. Wa shangazi, wa Desemba 1961, umeandikwa kwa Aurora, na maandishi yake ni meusi kama ya jana. Wa baba mdogo una kivuli cha buluu tu, kama moshi. Jina linaonekana kwa shida. Tarehe haipo.

Si jambo dogo. Alipohitaji cheti cha kuzaliwa ilibidi apite mahakamani kutafuta hukumu ya kujazia, kama maelfu ya Wakongo ambao hawakuandikishwa wakiwa wachanga. Kwa kuwa hakuwa na tarehe ya kuonyesha, aliandikiwa Januari 1, 1964. Karatasi zake zote, mpaka za pensheni, zinafuata hiyo. Na kwa miaka mingi aliamini kwamba baba yake hakumwandika kwa uangalifu kama wenzake.

Ukweli uko kwenye wino. Wino wa buluu-nyeusi wa zamani ulitengenezwa kwa chumvi ya chuma na asidi inayotoka kwenye vivimbe vya mti wa mwaloni. Ukiandika, unaingia ndani ya karatasi, kisha hewa inaugeuza kuwa mweusi usiotoka kwa maji. Ndiyo sababu nchi nyingi ziliutumia kwenye vitabu vya vizazi, ndoa na vifo. Wino wa buluu wa shule ni kinyume chake: ulitengenezwa makusudi ufuliwe kwenye sare za watoto. Jua huufifisha, maji huuondoa.

Shangazi anakumbuka kwamba bati la nyumba ya zamani lilivuja msimu mmoja wa mvua na daftari likalowa. Maji yalipita kurasa zote tatu. Kwenye mbili yalikuta chuma. Kwenye ya tatu yalikuta rangi ya kufulika. Mwaka 1964, vita vikiwa pande nyingi za nchi, karani alinunua wino aliokuta dukani.

Kalamu haikumsahau mtu. Chupa ndiyo ilikuwa tofauti.

Jumapili ya ndege

Ilibaki tarehe. Bibi, kabla ya kufariki, alizoea kusema kwamba baba mdogo alizaliwa «Jumapili ya ndege», siku ndege kubwa zilipojaza Base na watu wakajifungia ndani. Sote tulilichukua kuwa neno la bibi tu.

Lakini siku hiyo inajulikana. Novemba 1964, Ubelgiji na Marekani ziliandaa operesheni iliyoitwa Dragon Rouge ili kuwatoa mateka walioshikwa na waasi wa Simba huko Stanleyville, Kisangani ya leo. Askari wa miavuli wa Ubelgiji walipakiwa kwenye ndege za C-130 za Marekani, wakapitia kisiwa cha Ascension, na wakatua Base ya Kamina Novemba 22. Alfajiri ya Novemba 24 zaidi ya 300 kati yao waliruka juu ya Stanleyville.

Nilifungua kalenda ya mwaka huo kwenye simu. Novemba 22, 1964 ilikuwa Jumapili.

Baba mdogo aliitazama simu muda mrefu. Kisha akauliza kama kalamu inaweza kupona.

Kuponya 88

Ugonjwa wake ni wa kawaida. Kalamu za aina hii huvuta wino kwa pistoni inayosukumwa ukizungusha kitako, na za zama hizo zilizibwa kwa kipande cha koki. Koki ikikauka husinyaa, na pistoni haishiki tena. Fundi saa mmoja wa mjini Kamina aliilaza ncha katika maji ya kawaida siku mbili, akaitoa pistoni bila haraka wala moto, na mahali pa koki akaweka oringi ndogo aliyoipaka grisi ya silikoni. Maji ya moto na spiriti hakuvigusa, kwa kuwa vinaweza kuharibu mwili wa kalamu.

Mwenye kalamu ya namna hii afuate mambo machache. Isafishwe kwa maji baridi kila inapobadilishiwa wino. Isiachwe na wino ndani msimu wa kiangazi, kwani vumbi na ukavu wetu huugandisha njiani, na wino wenye chuma ukigandia humo huziba vibaya. Za seluloidi zikae mbali na moto, maana seluloidi huwaka upesi. Na anayepanda ndege aijaze kabisa au aimwage kabisa, kisha aisimamishe ncha ikitazama juu. Hewa iliyobaki ndani hutanuka angani na kuusukuma wino nje.

Chupa ya buluu-nyeusi niliiagiza kwa rafiki aliyekuwa akirudi kutoka Nairobi. Jioni ilipofika, baba mdogo alivuta wino mwenyewe, akafuta ncha kwa kile kipande cha kitenge, na chini ya kivuli cha maandishi ya baba yake akaandika jina lake lote. Kisha: 22 Novemba 1964. Mwanzoni herufi zilikuwa za buluu iliyopauka. Tulipomaliza kula zilikuwa zimeanza kuwa nyeusi.

Awamu ya kwanza ya ada imelipwa kwa mbuzi wawili na michango ya ukoo. Ya pili inadaiwa mwezi Machi. Yule bwana wa Lubumbashi bado anapiga simu, na baba mdogo bado anamjibu kwa adabu kwamba atafikiri. Kalamu imerudi ndani ya kopo, na chupa ya wino pembeni yake. Daftari amelihamishia chumbani kwake, juu, ambako bati halivuji.